Kaya Mbili: Alamin Mazrui kati ya Darasa la Ng'ambo na Kivuko cha Likoni

Wahenga walinena kuwa mkataa kwao ni mtumwa. Methali hii hutumiwa mara nyingi kuwasuta wasomi wa Afrika Mashariki waliovuka bahari wakaenda kufundisha katika vyuo vya Marekani na Ulaya. Husemwa kwamba wamesomeshwa kwa jasho la nyumbani, kisha elimu yao wakaenda kuwamiminia watoto wa wengine. Shutuma hii ina chembe ya ukweli ndani yake, wala haifai kupuuzwa. Hata hivyo, wapo wasomi ambao maisha yao yanatulazimisha kuifasiri upya methali hiyo. Miongoni mwao ni Alamin Mazrui, mwana wa Mombasa. Wanafunzi wengi wa Kiswahili humjua kwa tamthilia ya Kilio cha Haki (1981) na diwani ya Chembe cha Moyo (1988). Wachache humjua kama aliyekuwa mhadhiri wa masomo ya Waafrika na watu weusi wa ughaibuni katika Chuo Kikuu cha Ohio State, mjini Columbus. Na wachache zaidi wanajua kwamba jina lake limefungamana na kurasa zilizoandikwa juu ya damu iliyomwagika Likoni mwaka 1997.

Swali linaloulizwa hapa ni jepesi kulitaja lakini zito kulijibu. Je, mhadhiri anayefundisha habari za umoja wa watu weusi duniani ana la kufanya pale jirani anapomtoa jirani yake roho katika mji aliozaliwa yeye mwenyewe? Au elimu hiyo ni ya kusomeshwa mbali tu, na ikifika kivukoni inakatazwa kupanda feri?

Alamin Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1948. Ukoo wake haukuwa wa makabwela. Wamazrui ndio waliotawala Mombasa hadi mwaka 1837, na hata baada ya kupoteza utawala wa mji huo walibaki na makao na mashamba Takaungu upande wa kaskazini na Gasi upande wa kusini. Ndio ukoo uliomtoa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na mwanawe, Profesa Ali Mazrui (1933–2014). Jambo hili halitajwi kwa ajili ya kusifu nasaba. Linatajwa kwa sababu historia ya pwani ni historia ya mabwana na watumwa, ya wenye hati za ardhi na wasio na hati. Mtu aliyezaliwa upande wa wenye nacho alikuwa na njia mbili mbele yake: kuilinda historia hiyo au kuihoji. Kilio cha Haki kinaonyesha alichagua ipi. Katika tamthilia hiyo, mhusika mkuu si sultani wala shehe, bali ni Lanina, mwanamke mfanyakazi wa shambani anayewaongoza wenzake kudai haki yao mbele ya mwajiri mkoloni.

Uchaguzi huo ulikuwa na gharama. Mnamo Juni 1982, Serikali ya Kenya iliwakamata wahadhiri kadhaa na kuwatia mbaroni. Miongoni mwao alikuwamo Mazrui, wakati huo mhadhiri wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Kenyatta. Walikuwamo pia wahadhiri kama Edward Oyugi, Kamoji Wachiira na Willy Mutunga, ambaye miaka mingi baadaye, kati ya 2011 na 2016, alikuwa Jaji Mkuu wa nchi ile ile iliyomfunga. Mazrui aliwekwa kizuizini bila ya kufikishwa mahakamani. Mashairi ya Chembe cha Moyo ni tunda la machungu hayo. Anayeisoma diwani hiyo hukutana na mtu aliyenyang'anywa kila kitu isipokuwa lugha, na ambaye aliitumia lugha hiyo kujizuia asivunjike. Baada ya kifungo, safari ya ughaibuni ilifuata. Kwa hiyo, anayetaka kumhesabu miongoni mwa wakataa kwao hana budi kwanza kujibu swali hili: nani alimkataa mwenzake, mwana au kwao?

Huko Ohio, Mazrui aliingia katika uwanja wa elimu wenye historia yake. Masomo ya watu weusi hayakuanzishwa kwa hisani ya wakuu wa vyuo vya Marekani. Yalidaiwa na wanafunzi. Mgomo wa Chuo Kikuu cha San Francisco State ulioanza mwaka 1968 ndio uliofungua mlango, na mwaka 1969 Chuo Kikuu cha Cornell kilianzisha kituo chake cha masomo ya Waafrika wa bara na wa ughaibuni. Tangu mwanzo, madai ya wanafunzi yalikuwa kwamba elimu hiyo isifungiwe maktabani. Mwalimu alitakiwa awe na mguu mmoja darasani na mguu wa pili mitaani, miongoni mwa watu ambao maisha yao ndiyo somo lenyewe. Huu ndio msingi wa uwanja huo, na anayefundisha bila kuujali amefundisha nusu.

Kiswahili kilikuwa na kiti cha heshima katika harakati hizo. Mwaka 1966, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa huko California, na misingi yake saba yote aliipa majina ya Kiswahili: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba na Imani. Hivyo maneno ambayo mtoto wa Kisauni huyasikia bila kuyashangaa yakawa, kwa watu waliopokonywa lugha za mababu zao, mfano wa hati ya kurudi nyumbani. Mazrui ameandika kwa kina juu ya nafasi ya lugha za Kiafrika katika maisha ya Wamarekani weusi, peke yake na pamoja na Ali Mazrui, hususan katika kitabu chao cha The Power of Babel (1998). Aidha, akishirikiana na Ibrahim Noor Shariff, alichapisha mwaka 1994 kitabu cha The Swahili: Idiom and Identity of an African People, kinacholichambua suala la nani ni Mswahili na nani amepewa mamlaka ya kuamua.

Hapa ndipo tunapaswa kuvuka bahari na kurejea Mombasa, lakini si Mombasa ya Kisiwani yenye Ngome ya Yesu na milango ya nakshi inayopendwa na wapiga picha. Mombasa inayohusika ni ile ya bara, iliyokizunguka kisiwa pande tatu. Anayetaka kufundisha historia ya watu weusi asingehitaji kwenda mbali. Pande hizo tatu zingemtosha kwa mihadhara ya mwaka mzima.

Kaskazini iko Kisauni. Huko, mwaka 1875, wamisionari wa Kianglikana wa CMS walianzisha Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru. Kengele ya makazi hayo ndiyo iliyopatia jina mahali paitwapo Kengeleni. Maelfu ya watu hupita hapo kila siku ndani ya matatu, kondakta akiita abiria wa Bombolulu na Bamburi, na ni nadra abiria kukumbuka kwamba jina hilo ni kumbukumbu ya utumwa. Mwanafunzi wa Ohio anayesoma juu ya utumwa wa Atlantiki na mwanafunzi wa Kisauni anayepita Kengeleni ni warithi wa historia moja iliyosafirishwa kupitia bahari mbili.

Magharibi iko Changamwe, kwenye reli, viwanda na kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofanya kazi tangu 1963 hadi 2013. Huko ndiko walikopanga vyumba wafanyakazi waliotoka bara kuja kutafuta riziki bandarini Kilindini: Wakamba, Wajaluo, Waluhya, Wakikuyu na Wataita, wakikaa mlango kwa mlango na Wamijikenda na Waswahili. Wafanyakazi wa Mombasa walipogoma Januari 1947, waligoma pamoja bila kuulizana kabila. Mgomo huo ulizaa Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika lililoongozwa na Chege Kibachia, na lugha iliyowaunganisha mikutanoni ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo, kama kuna mahali ambapo neno umoja liliwahi kuwa zaidi ya pambo, ni hapo.

Kusini iko Likoni. Wengi hufika huko kwa kuvuka Kilindini kwa feri. Watu husimama wamebanana na baiskeli, mikokoteni, magunia ya nazi na vikapu vya samaki. Kwa dakika chache za kuvuka, mwenye suti na mchukuzi husimama bega kwa bega. Ardhi ya ng'ambo hiyo, kama ilivyo ya ukanda mzima wa pwani, ina kisa kirefu. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi katika ukanda wa maili kumi alete ushahidi wa umilikaji wake. Wengi wa waliofaidika walikuwa wale walioijua serikali na karatasi zake. Wadigo na Wamijikenda wengine, ambao ardhi yao ilikuwa ya jamii na ushahidi wao ulikuwa makaburi na minazi, wengi waliachwa nje. Wakageuka maskwota palepale walipozikwa babu zao. Uhuru ulikuja mwaka 1963, nayo hati haikuja. Hoteli zilipojengwa ufuoni, na bandari ilipopanuka, vijana wa Likoni waliona kazi na viwanja vikiwapita.

Katika hali hiyo ndipo lilipotokea tukio la tarehe 13 Agosti 1997. Usiku huo, kundi la vijana lilivamia kituo cha polisi cha Likoni na kituo kidogo cha polisi cha kivukoni. Polisi wasiopungua sita waliuawa, na bunduki zaidi ya 40 zikaibwa. Kisha mashambulizi yakawageukia raia. Walioandamwa hasa walikuwa watu wa bara: Wajaluo, Waluhya, Wakikuyu na Wakamba. Vibanda na nyumba zilichomwa. Maelfu walikimbilia kanisa Katoliki la Likoni, na wengine walipanda mabasi na magari moshi kurudi kwenye mikoa ambayo baadhi ya watoto wao hawakuwahi kuiona. Kwa jumla, waliouawa walizidi 100, na waliohamishwa makwao walikadiriwa kufika 100,000. Uchaguzi mkuu ulikuwa ufanyike mwezi Desemba mwaka huohuo.

Ripoti ya Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, shirika lisilo la kiserikali ambalo Mazrui amekuwa mwanachama wa bodi yake, ilitoka mwaka huohuo wa 1997. Jina lake ni Kayas of Deprivation, Kayas of Blood, na wanazuoni huinukuu kwa jina la Alamin Mazrui. Kwa Kiswahili tungeweza kusema Kaya za Unyimwaji, Kaya za Damu. Jina hilo pekee ni somo kamili, na hapa mwanafunzi wa lugha anaombwa atue kidogo.

Katika Kiswahili sanifu, kaya ni watu wa nyumba moja, wanaokula chungu kimoja. Karani wa sensa anapopiga hodi, huhesabu kaya. Kwa Wamijikenda, kaya ni zaidi ya hayo. Ni kijiji cha asili kilichozungukwa na msitu, makao ya wazee na mahali pa matambiko. Mwaka 2008, baadhi ya misitu hiyo ya kaya ilitambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Lakini mwaka 1997, msitu wa Kaya Bombo ulitajwa kuwa mahali ambapo vijana wale walikula kiapo na kufanya mazoezi. Neno lililomaanisha nyumba likageuzwa kuwa neno la kuwatoa wengine nyumbani kwao. Hilo ni badiliko la maana ambalo halimo katika kamusi yoyote, na lilihitaji jicho la mwanaisimu aliyelelewa pwani kulitambua.

Umuhimu wa jina hilo ni kwamba linakataa jibu la upande mmoja. Wapo waliosema kwamba vurugu za Likoni ni chuki ya kikabila iliyochemka yenyewe. Wapo waliosema kwamba ni fitina ya wanasiasa tu, waliotaka kuwafukuza wapiga kura wa upinzani kabla ya Desemba. Kusema la kwanza ni kumpa mwanasiasa nafasi ya kunawa mikono. Kusema la pili peke yake ni kumdharau kijana wa Likoni, kana kwamba hakuwa na dhiki ya kweli iliyoweza kuchochewa. Kaya ya unyimwaji ilikuwapo kwanza, na aliyetaka damu alikuta kuni zimekwisha kukauka. Anayeihukumu kaya ya damu bila kuitaja kaya ya unyimwaji amehukumu nusu. Vilevile, anayeutaja unyimwaji ili kuhalalisha damu amepotoka zaidi, kwa maana mama muuza mboga kutoka Kisumu hakuandika Sheria ya 1908.

Matokeo ya kura yenyewe yaliwaumbua waliodhani kwamba watu wa pwani ni mifugo ya kuswagwa. Katika uchaguzi wa Desemba 1997, kiti cha ubunge cha Likoni hakikuchukuliwa na chama tawala cha KANU. Kilinyakuliwa na chama cha Shirikisho. Mazrui aliyachambua matokeo ya pwani katika kitabu cha Out for the Count (2001), alichokihariri pamoja na Marcel Rutten na François Grignon, akionyesha jinsi sauti za kikabila zilivyoweza kusikika huku kura zikivuka mipaka ya kabila. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, nayo ilisikiliza mashahidi wengi juu ya vurugu za kikabila nchini, na ripoti yake ikatolewa hadharani mwaka 2002. Madai ya ardhi hayakuzikwa pamoja na maiti. Mwaka 2012, kauli ya "Pwani si Kenya" ilisikika kote ukandani, na mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Mombasa ikabatilisha marufuku iliyowekewa kundi lililoieneza.

Basi, mhadhiri amefanya nini hapa? Hakubeba maji wala blanketi za wakimbizi katika uwanja wa kanisa. Walikuwapo wengine waliofanya hivyo, na thawabu yao haipunguzwi na maandishi ya yeyote. Alichofanya ni kazi ya mhadhiri: kukataa jambo lisemwe kwa urahisi. Katika mji ambamo uvumi ulikuwa ukikimbia kuliko feri, kuandika kwa mpango nani aliumizwa, dhiki ilianzia wapi na nani angefaidika, ni huduma kwa jamii. Haiponyi jeraha, lakini huzuia jeraha lisiandikiwe dawa ya ugonjwa mwingine. Wala haikuwa kazi salama kwa mtu ambaye dola hiyohiyo iliwahi kumfunga.

Hata hivyo, haki inadai upande wa pili nao utajwe. Ripoti ile iliandikwa kwa Kiingereza. Mwandishi aliyetunga Kilio cha Haki kwa Kiswahili fasaha ili mfanyakazi asikie, aliyetunga Chembe cha Moyo kwa lugha ya mama yake, alipofika kwenye msiba wa Likoni alijikuta ndani ya lugha ya mashirika, mabalozi na mahakama. Si ajabu. Ripoti za haki za binadamu huandikwa kwa ajili ya wenye uwezo wa kuibana serikali, na hao husoma Kiingereza. Lakini mjane aliyepoteza mume Likoni, na kijana wa Kidigo aliyeapishwa msituni, wote wawili walizungumza Kiswahili. Jambo hili linauma zaidi tukikumbuka kwamba uhusiano wa lugha na sheria, na hasara ya wananchi wanaotawaliwa kwa lugha wasiyoimudu, ni mambo ambayo Mazrui mwenyewe ameyashughulikia kwa miaka mingi. Mhadhiri aliujua ugonjwa huo vyema, na bado mfumo ukamtaka aandike cheti kwa lugha ambayo mgonjwa haisomi.

Je, kosa hilo ni lake peke yake? Hapana. Hapo ndipo insha hii inapomgeukia msomaji. Idara za Kiswahili katika vyuo vya Kenya na Tanzania hutoa mahiri kila mwaka. Wengi wao huandika tasnifu juu ya mtindo wa diwani fulani au wahusika wa riwaya fulani, na ni vyema wafanye hivyo. Lakini ni wangapi wamefikiri kuwa kuifasiri ripoti ya tume ni kazi ya Kiswahili? Ni wangapi wamekusanya masimulizi ya waliovuka kivuko wakikimbia mwaka 1997, kwa lugha waliyoliliana? Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hadhi hiyo itabaki karatasini mpaka pale kilio cha mwananchi kitakapoweza kuingia katika faili ya serikali bila ya kubadilishwa lugha.

Mazrui alihamia baadaye Chuo Kikuu cha Rutgers, jimboni New Jersey, akaendelea kuandika juu ya Kiswahili na mipaka yake. Kitabu chake cha Swahili Beyond the Boundaries kilitoka mwaka 2007, na kile cha Cultural Politics of Translation kilitoka mwaka 2016. Si bure kwamba mada zinazojirudia humo ni mipaka na tafsiri. Ni mada za mtu wa kivuko. Kuvuka ndiko kulikomlea: kutoka ukoo wa watawala kwenda kwa Lanina, kutoka kizuizini kwenda darasani, kutoka Columbus kurudi Likoni kwa njia ya kalamu.

Tukirejea methali tuliyoanza nayo, mkataa kwao ni mtumwa. Lakini kuishi mbali si kukataa, na kuishi karibu si kukubali. Yupo aliye Mombasa miaka yote ambaye hajawahi kuuliza kwa nini Kengeleni inaitwa Kengeleni, au kwa nini jirani yake wa Likoni hana hati. Na yupo aliye ng'ambo ya bahari ambaye hajaacha kuuliza. Neno umoja hufundishwa kwa fahari katika madarasa ya Marekani. Mtihani wake mgumu, hata hivyo, uko kwenye feri ya Likoni, ambapo mwenyeji na mgeni husimama bega kwa bega kwa dakika chache, kisha kila mmoja hushuka kwenda kwenye kaya yake. Kuzifanya dakika hizo chache zidumu baada ya watu kushuka ndiyo kazi iliyobaki, na mwenye Kiswahili mdomoni hana udhuru wa kusema kuwa haimhusu.